Maswali ya Wasomaji: Vijana Walale Kwenye Machela au Kwenye Mahema?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mlezi wa kikundi cha vijana 24 wenye umri wa miaka 13 hadi 18 hapa Pangani. Kila likizo ya Juni na ya Desemba hupiga kambi ya siku tatu karibu na ufuko, na miaka yote tumekuwa tukilala kwenye mahema. Mahema hayo sasa yamechakaa, zipu zimekufa, na Desemba iliyopita mvua ilitukuta ndani yake tukakesha tumeketi. Kijana mmoja amependekeza tuachane na mahema kabisa, tushone vitanda vya kuning'inia mitini. Wazazi wawili wameniuliza kama nimechanganyikiwa. Je, jambo hili linawafaa vijana, au ni starehe ya watalii tu? — Mlezi wa vijana, Pangani

JIBU: Ndugu Mlezi, hukuchanganyikiwa. Kabla ya jambo lenyewe tumalize la jina, kwa sababu wewe umesema vitanda vya kuning'inia, wengine husema bembea, na watu wa mwambao waliotutangulia walisema machela. Leo ukitaja machela wengi humwona mgonjwa akipelekwa zahanati, nao hawakosei, maana machela ya zamani ilikuwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu, watu wakauweka mti mabegani na msafiri akalala ndani ya kitambaa. Tofauti yake na hii unayoiuliza ni kwamba miti yako wewe haitembei. Nitasema machela.

Wala si starehe ya watalii. Watu wa visiwa vya Karibi na wa Amerika ya Kati na ya Kusini walikuwa wakilala hivi kabla Columbus hajafika huko mwaka 1492, na mabaharia wa Ulaya wakaiga na kuitumia ndani ya merikebu zao, kwa kuwa machela hutulia chombo kinapoyumba. Ni kitanda cha nchi za joto. Anayelijua hema la nailoni katika mwezi wa Februari hapa kwetu, vijana wanne wakiwa wamejifungia ndani yake na hewa haiingii, atakuelewa bila maelezo marefu. Machela hupitisha upepo juu na chini, haihitaji ardhi tambarare, haijali kama chini kuna matope, mizizi au mchanga uliolowa, na humweka mtu mbali na nge na tandu wanaotafuta joto chini ya hema. Siafu ni habari nyingine, kwa sababu hao hupanda miti. Lakini angalau watakukuta ukiwa na njia ya kuruka.

Usidanganyike na habari ya wepesi. Ni kweli kwamba machela ikikunjwa inaingia kwenye mfuko mdogo kuliko nazi moja, ila ukiongeza mikanda ya kufungia, turubai la kuzuia mvua na chandarua, mzigo wa kijana mmoja unakaribiana na sehemu yake ya hema. Ukiamua kuhamia kwenye machela, amua kwa ajili ya hewa na mvua, si kwa ajili ya uzito wa begi.

Sasa tuje kwenye kiini, nacho ni miti. Wengi hutumia siku nzima kuchagua kitambaa na dakika mbili kuchagua mti, ilhali ingepaswa kuwa kinyume chake. Vijana 24 wanahitaji machela 24, na kila machela inahitaji miti miwili iliyo hai, yenye unene wa paja la mtu mzima au zaidi, iliyoachana kwa mita nne hivi. Si lazima upate miti 48, maana miti mitatu iliyosimama kwa umbo la pembetatu inaweza kubeba machela tatu, kila mti ukivutwa kutoka pande mbili. Hata hivyo nenda mwenyewe ukahesabu mchana, wiki moja kabla ya safari, kwa sababu fukwe nyingi za kwetu zina minazi mia moja na miti mingine mitano.

Minazi, ndugu yangu, usiiguse. Picha nyingi za machela tunazoziona zimepigwa kati ya minazi miwili, lakini aliyelala humo huinuka mara mpiga picha anapomaliza kazi yake. Hakulala hadi asubuhi. Nazi iliyokomaa pamoja na kumbi lake huzidi kilo moja kwa urahisi, nayo huanguka kutoka urefu wa ghorofa nne au tano bila kubisha hodi, na kuti kavu lina uzito wa kilo kadhaa na ncha isiyomhurumia mtu. Mnazi uliokufa ni hatari zaidi. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi katika mwambao wetu, na shina lililobaki bila kichwa husimama kama nguzo nzima huku ndani limeoza. Ukilifunga machela na kulala, unajivutia gogo kifuani. Na kama mnazi una kibuyu cha mgema juu, basi utapata pia komba wa usiku wanaokuja kuonja tembo, na sidhani kama kuna kijana atakayepata usingizi kwa kelele zao.

Mvinje ndio rafiki wa machela katika pwani hii. Mivinje hupandwa kwa mstari, hunyooka, na shina lake ni gumu. Mkwaju nao ni mti wa kuaminika. Mwembe mkubwa ni imara, lakini tazama juu kwanza: ukiona majani yaliyoshonwa pamoja kama mfuko, hayo ni makazi ya majimoto, na mkanda wako utakuwa barabara yao ya kuteremkia. Mimi niliwahi kuliona jambo hilo saa nane za usiku, nikiwa ndani, na sitaki kulieleza zaidi. Mkorosho uogope, kwa maana matawi yake ni mapana na huvunjika ghafla, na mkorosho mzee mara nyingi umekwisha kuliwa na mchwa. Mikoko iache ilivyo, kwa kuwa imehifadhiwa kisheria. Mbuyu hauzungushiki.

Mti wowote utakaouchagua, simama chini yake utazame juu kwa utulivu, utafute tawi kavu lililokwama kati ya matawi mengine. Tawi la namna hiyo linasubiri upepo wa kusi tu. Ukiligundua, hama, usijaribu kulitikisa ili lianguke.

Pasipokuwa na miti, usikimbilie nguzo. Nguzo ya matofali isiyo na nondo ndani yake imejengwa kubeba uzito unaotoka juu, si kuvutwa kwa upande, na imewahi kutokea mahali pengi kwamba nguzo ya baraza ikamwangukia aliyelala katikati. Nguzo na kuta za magofu, kama yale ya Tongoni, hata usizifikirie: ni mali ya kale iliyolindwa na sheria, na chokaa yake imekwisha kuchoka kwa miaka mingi.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuvuta kamba mpaka ikanyooka kama uzi wa fundi mwashi, akidhani kwamba ndipo atakapolala amenyooka. Kumbe kadiri kamba inavyokaribia kulala sawa na ardhi ndivyo inavyobeba nguvu inayozidi uzito wa mtu mwenyewe. Kijana wa kilo 60, akilala kwenye machela ambayo kamba zake zinateremka kwa pembe ya nyuzi 30, huivuta kila kamba kwa nguvu ya takriban kilo 60. Pembe hiyo ikipungua hadi nyuzi 10, kila kamba inabeba kama kilo 170. Ikipungua hadi nyuzi 5, ni karibu kilo 340, na hapo mti haujui tena kama umefungwa kijana au ng'ombe. Nyuzi 30 si vigumu kuzikadiria: kwa kila mita moja kamba inapokwenda mbele, iwe imeteremka zaidi kidogo ya nusu mita. Machela italegea na kuonekana kama tabasamu. Ndivyo inavyotakiwa. Aliyelala ajiweke mshazari, kichwa kikielekea pembe moja ya kitambaa na miguu pembe ya pili, na mgongo wake utanyooka. Akilala katikati sawasawa ataamka amepinda kama ndizi.

Kitako cha machela, mtu akiwa ndani, kisizidi urefu wa goti kutoka ardhini. Vijana watataka kupanda juu zaidi, tena watataka kufunga moja juu ya nyingine kama vitanda vya bweni. Katika hilo usikubali hata kwa utani, maana wa juu akianguka anawaumiza wawili. Mtu mmoja, machela moja. Kubembea kwa nguvu pia marufuku, kwa kuwa mwili unaorushwa huzidisha mara kadhaa mzigo ulioupigia hesabu. Na kwenye kila mkanda funga kipande cha kitambaa cheupe, kwa sababu anayekwenda chooni usiku hauoni mkanda uliopita usawa wa shingo yake.

Mbu wanahitaji maneno zaidi. Mbu aina ya anofelesi, anayeeneza malaria, huuma tangu magharibi hadi alfajiri, na kitambaa chembamba kilichobanwa na mgongo wa mtu si kizuizi kwake: atakuja kwa chini na kuuma kupitia kitambaa. Wazazi wengi hawalijui hili, nao huridhika wakiona chandarua kimetandazwa juu. Chandarua cha machela ni lazima kiizunguke yote, juu na chini, na ncha zake zifungwe pande mbili kama pipi, na kiwe kimetundikwa kwenye kamba nyingine inayopita juu ili kisimguse mwenye kulala. Chandarua cha kawaida chenye dawa kinaweza kushonewa sehemu ya chini na fundi cherehani yeyote. Ukitandika mkeka au kipande cha sponji chini ya mgongo, mbu hafiki. Wanaojilaza mchana nao wakumbushwe kwamba mbu wa dengi huuma mchana, na dengi ilifika Tanga mwaka 2019.

Kuhusu mvua iliyowakesha: turubai lenye upana wa mita tatu kwa tatu, likitundikwa juu ya kamba na kuteremshwa pande mbili kama paa la banda, linatosha mtu mmoja. Funga uzi mfupi kwenye kila mkanda, karibu na kitambaa, uning'inie. Maji yanayotiririka kutoka mtini yatadondokea hapo badala ya kuingia kitandani. Lakini radi ikianza, watu wote waondoke chini ya miti na kuingia ndani ya nyumba au gari, hata kama ni saa tisa za usiku na hata kama hakuna tone la mvua lililoanguka.

Na mahema usiyaache yote. Tengeneza zipu za mawili yaliyo bora, uende nayo. La kwanza ni la mgonjwa, kwa sababu mwenye homa, mwenye kifafa au aliyeteguka mguu hapaswi kulala akining'inia. La pili ni la kubadilishia nguo. Kama siku moja mtakwenda upande wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, huko kuna simba, tembo na viboko, na mahali pa kulala huamuliwa na askari wa hifadhi, si na mlezi wala na mshauri wa gazetini.

SWALI: Shikamoo. Binti yangu wa miaka 14 yuko katika kikundi cha vijana hapa Bagamoyo, na tumearifiwa kwamba kambi ijayo, karibu na Kaole, watalala kwenye machela, wavulana na wasichana. Sipendi mwanangu alale hewani akitazamwa na kila apitaye. Tena yeye hulala kifudifudi tangu utotoni. Je, nimkataze? — Mama mwenye wasiwasi, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mama. Wasiwasi wako una msingi, lakini usimkataze kabla hujauliza maswali matatu, na majibu uyapate kwa kiongozi mwenyewe, si kwa binti.

Uliza kwanza kama wasichana watakuwa na sehemu yao peke yao, iliyo mbali na ya wavulana, na kama kuna viongozi wawili wa kike watakaofunga machela zao pembezoni mwa sehemu hiyo, upande unaoelekea njia. Kiongozi mmoja hatoshi, kwa sababu akimpeleka mtoto mmoja chooni wengine wanabaki peke yao. Pili, uliza watabadilisha nguo wapi. Ndani ya machela mtu hawezi kubadilisha nguo kwa staha, na kikundi ambacho hakina hema au banda kwa kazi hiyo hakijajiandaa. Tatu, uliza kama kila mtoto atakuwa na turubai lake. Turubai likishushwa pande zote mbili hadi karibu na ardhi, apitaye haoni kitu zaidi ya turubai. Mpe suruali ndefu ya michezo na fulana ya mikono mirefu ya kulalia, ambavyo vitamsaidia pia dhidi ya mbu.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda litakushangaza. Mimi nikiwa mzazi ningehofia zaidi hema kuliko machela. Hema likifungwa zipu, kiongozi hajui kilichomo. Anayechokozwa au anayelia usiku hulia ndani ya kuta za kitambaa, kati ya watu aliopangiwa kulala nao. Kwenye machela kila mtoto ana nafasi yake, hakuna anayeweza kuingia bila kamba kutikisika, na kiongozi akipita na tochi akiangaza chini huhesabu machela zilizoinama kwa uzito na zile zilizo tupu. Staha haipatikani kwa kujificha tu.

Kuhusu kulala kifudifudi, hilo ni gumu kweli. Machela huukunja mgongo wa mwenye kulala kifudifudi kinyume chake, naye ataamka na maumivu ya kiuno. Wengi huzoea kulala chali au kwa ubavu baada ya usiku mmoja au miwili, wengine hawazoei kamwe. Mwombe kiongozi amwazime machela Jumamosi moja, aifunge kwenye mwembe wa nyumbani na alale humo baada ya chakula cha mchana. Akishindwa, apangiwe nafasi ndani ya hema na mkeka wake, na asichekwe kwa hilo.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni kijana wa Muheza. Julai tunakwenda kupiga kambi Lushoto na tunataka kutengeneza machela wenyewe. Babu yangu alifanya kazi katika shamba la mkonge na bado tuna kamba nyingi za katani stoo. Je, zinafaa? Na baridi ya huko itakuwaje? — Kijana, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na baridi, kwa sababu ndiyo itakayowarudisha nyumbani kabla ya siku. Lushoto iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na Julai usiku wake si wa Muheza. Kwenye machela baridi haitoki juu peke yake. Blanketi lililo chini ya mgongo hubanwa na uzito wako, hewa iliyomo hutoka, na upepo unaopita chini huchukua joto la mwili wako usiku kucha. Hata usiku wa pwani wenye upepo mtu huweza kutetemeka, sembuse Usambara. Kila mmoja wenu achukue sponji isiyobanika kirahisi, ailaze ndani ya machela chini yake, na blanketi moja lifungwe kwa nje, chini ya kitambaa, likining'inia bila kubanwa. Blanketi hilo la nje litawafaa kuliko mawili ya juu. Kama hamna sponji za kutosha, laleni ndani ya nyumba au mahemani. Huo ndio ushauri wangu kwa milima yote ya Usambara mwezi huo. Na mkitaka kulala ndani ya msitu wa hifadhi, kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu.

Kamba za babu yako zina historia nzuri kuliko unavyodhani. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye aliagiza miche kutoka Florida, na iliyosalimika safarini, 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Asili ya mmea huo ni Mexico, na huko Yucatán watu wamefuma machela kwa nyuzi za mkonge wa kwao kwa vizazi vingi. Kwa hiyo wazo lako si geni hata kidogo. Nyuzi hizo zilikuwa machela kabla hazijawa magunia yetu.

Pamoja na hayo, kamba iliyokaa stoo miaka mingi usiipe mwili wako. Katani hunyonya maji, huoza kuanzia ndani, na kamba iliyooza ndani huweza kuonekana nzima kwa nje. Ifungue msokoto wake sehemu mbili tatu: ukiona vumbi au nyuzi zinazokatika kwa vidole, itupe. Hata ikiwa nzima, itumie kufungia pembe za maturubai, na ukumbuke kuilegeza kidogo kabla ya mvua kwa kuwa hukaza inapolowa. Kamba ya nailoni ya dukani pia usiikimbilie, kwa maana hunyooka taratibu ukiwa umelala, na mafundo yake huteleza. Kinachofaa kuzunguka mti ni mkanda bapa wa poliesta, kama ule wa kufungia mizigo ya malori, wenye upana usiopungua sentimita mbili na nusu. Mkanda bapa hauli ganda la mti, na ni chini tu ya ganda hilo ambapo chakula cha mti hupita.

Kitambaa kiwe turubai jepesi au kaki nzito, urefu wa mita tatu na upana wa mita moja na nusu, na mishono ya ncha irudiwe mara tatu. Mkimaliza ya kwanza, asilale mtu. Ifungeni mahali mnapopaona, wekeni ndani yake gunia la mchanga la kilo 100, pimeni kwa kijiti umbali wa gunia kutoka ardhini, kisha mliache usiku mzima. Asubuhi pimeni tena, na mtazame mishono na mafundo moja baada ya jingine kabla hamjashona ya pili.